Bibi Harusi Hasemi

Rangel alikuwa amenyoa upande wa kushoto tu wa masharubu yake, wa kulia ukiwa bado umejaa povu, Vakril, mkuu wa kikundi cha wacheza vinyago, alipoingia jikoni bila kubisha hodi.

Mwaka mzima Rangel aliishi na masharubu manene yaliyomfunika mdomo wa juu, masharubu ya mtu anayegonga meza akitaka chumvi. Siku chache kabla ya Surva, sikukuu ya vinyago ya Januari, aliyanyoa, kwa sababu siku ya Surva yeye ndiye bibi harusi. Aliyeshika nafasi hiyo kabla yake alikuwa fundi viatu mmoja. Alipofariki, kikundi kilitafuta mtu mwenye kifua kipana cha kubebea soksi za sufu na moyo wa kuvumilia kuchekwa, na Rangel akapatikana. Gauni lilikuwa la mkewe, Stoyna, alilofungia ndoa. Mwenyewe alilivaa mara moja. Mumewe alilivaa kila Januari, na ili limwenee, Stoyna alikata nusu ya chini ya pazia la jikoni, lile lenye maua ya kufuma, akaliunganisha ubavuni huku na huku. Pazia lilibaki fupi. Tangu hapo kila aliyepita barabarani aliweza kuona nyumba ya Rangel wanakula nini.

Kazi ya bibi harusi si ya mchezo. Anazungushwa nyumba kwa nyumba katikati ya wanaume waliovaa ngozi za kondoo, vinyago vya manyoya na kengele nzito viunoni. Kila mwenye nyumba lazima aubusu mkono wake. Anayekataa, mwaka wake umeharibika: nguruwe hawazai na mkwe hapati kazi. Asubuhi, kikundi kinapokuja kumchukua mlangoni, mkuu wa kikundi huuliza bibi harusi ni wa nani, na yeye humnyooshea kidole mtu wake, mtu wa damu yake, naye huyo ndiye anayemtoa na kunywa glasi ya kwanza. Kwa miaka mingi Rangel alikuwa akimnyooshea Vakril mwenyewe, kwa adabu tu, na Vakril alikuwa ameizoea glasi ile kama mshahara.

Zaidi ya yote, bibi harusi hasemi. Akishavuka kizingiti cha nyumba yake asubuhi mpaka avue shela jioni, neno halimtoki. Kuna mwaka Rangel alikanyagwa na dubu, yaani na Penko muuza nyama ndani ya ngozi ya dubu, akapiga ukelele, "Mama yangu!" Vakril alimtoza faini ya dumu zima la divai. "Sheria ni sheria," alisema Vakril, na divai akainywa mwenyewe.

Basi huyo Vakril ndiye aliyesimama sasa jikoni, theluji ikimyeyuka viatuni juu ya zulia la Stoyna, simu mkononi.

"Rangel, ndugu yangu, weka wembe chini. Kuna jambo."

"Sema tu, huku nanyoa."

"Weka wembe chini, bwana! Tazama mwanao."

Rangel alitupa jicho kwenye simu, akaona gauni, akageukia kioo haraka kana kwamba amejikata. Aliyetazama mpaka mwisho ni Stoyna. Aliifuta mikono yake kwenye aproni, akaishika simu ya Vakril kwa ncha za vidole.

Lyuben, mtoto wao wa pekee, alikuwa jukwaani mjini Sofia, miguu mitupu, amevaa gauni la arusi, shela usoni, kengele moja ndogo shingoni. Alikuwa anatembea tu. Hatua fupi fupi, goti moja likichelewa kidogo, mkono mmoja umeinua pindo. Kisha taratibu ule mwendo ukageuka kuwa dansi bila mtu kujua ni wapi ulipogeukia. Mwishoni mwanaume mwingine alikuja, hana ngozi wala kinyago, akamfunua shela pole pole, nao wakacheza wawili, vipaji vya nyuso vimegusana, mpaka taa zikazimika.

"Umeona?" Vakril aliuliza.

"Nimeona anacheza."

"Anacheza! Amevaa gauni la mwanamke, Stoyna!"

Stoyna aliinua macho. Juu ya jiko, kwenye kamba, soksi mbili za sufu zilikuwa zinakauka, zimejazwa magazeti ili zisipoteze umbo. Hizo ndizo zilikuwa matiti ya mwaka huu. Vakril naye akaziona.

"Si kitu kimoja," alisema upesi. "Usinitazame hivyo. Rangel anavaa, watu wanacheka. Hiyo ni mila. Huyu je? Watazame hao waliokaa hapo. Kuna hata mmoja anayecheka? Hakuna! Amevaa kwa dhati, mama. Hilo ndilo balaa lenyewe."

"Kwa hiyo angechekesha ingekuwa sawa?"

"Ingekuwa sawa kabisa! Nani angelalamika?" Alimgeukia Rangel, aliyekuwa bado anajitazama kiooni kwa bidii kubwa. "Wale wa kikundi cha ng'ambo ya mto wameshanipigia simu. Wananiuliza kama mwaka huu bibi harusi wetu ana mchumba wa kweli. Mwisho wa mwezi tunakwenda kwenye tamasha mjini, kuna televisheni, kuna waamuzi. Nitawaambia nini? Na hilo gauni, Rangel! Zorka wangu amelitambua mara moja. Pazia lile! Kijiji kizima kinalijua pazia lenu."

Povu lilikuwa linakauka kwenye shavu la Rangel. "Unataka nini, Vakril?"

"Jambo dogo. Siku ya Surva, asubuhi, mlangoni pako, mbele ya watu wote, useme kwa sauti kwamba yule si mtu wa nyumba yako tena, na kwamba kijijini hapa haji. Maneno mawili. Halafu unavaa shela lako, tunaendelea kama kawaida, na mimi mwenyewe nitawaziba midomo wale wa ng'ambo."

"Na nisiposema?"

"Usiposema, Penko atakuwa bibi harusi. Amekubali. Gauni mtatupatia, ni mali ya kikundi."

"Gauni ni la arusi yangu," alisema Stoyna.

"Basi tutashona jingine," alisema Vakril, akatoka, akiacha nyayo mbili za maji kwenye zulia.

*

Rangel alikaa kitini. Nusu ya mdomo wake ilikuwa ya bibi harusi, nusu ya dereva wa trekta.

"Mwezi wa kumi," alisema, "nilikuuliza gauni liko wapi, ukaniambia limekwenda kufuliwa."

"Na lilifuliwa. Lyuben alilifua kabla ya kulirudisha. Tena kwa mkono."

"Umempa mtoto gauni langu!"

"Gauni lako?"

Rangel alifungua mdomo, akaufunga. Kuna mambo ambayo mwanaume hawezi kuyatetea na nusu ya masharubu.

"Ungeniuliza," alisema baadaye, kwa sauti ya chini.

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Basi nilikupunguzia kazi."

Rangel alisimama, akazunguka meza, akakaa tena. Stoyna alimjua. Haikuwa hasira peke yake. Mgodi alikofanya kazi ulifungwa siku nyingi, trekta ni la mtu, na katika mikutano ya kijiji Rangel alikaa karibu na mlango ili atoke bila kusumbua watu. Lakini siku moja katika mwaka wazee waliinama kumbusu mkono, wanawake wakamrushia ngano, na asingetokea yeye, hakuna kengele iliyolia.

"Mimi nje ya siku ile ni nani, Stoyna? Hebu niambie."

"Ni baba yake Lyuben."

Stoyna alitaka kumwambia polepole, akaona hakuna polepole. "Anakuja. Amenipigia juzi. Anakuja Surva, kwa mara ya kwanza tangu ahamie Sofia. Na hatakuja peke yake."

Rangel aliuchukua wembe, akautazama, akauweka tena kwenye beseni.

"Hunyoi upande wa pili?"

"Nikinyoa, nimemkubalia Vakril. Nikiacha, nimejitoa. Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Nangoja tu!" alifoka, akajifunga skafu mpaka puani, akaenda kuwalisha nguruwe, ambao pekee kijijini walikuwa hawajaona video.

*

Duka la kijiji lilikuwa la Zorka, mke wa Vakril. Kesho yake Stoyna aliingia kununua mafuta ya alizeti na chachu ya mkate wa Surva. Wanawake watatu walikuwa wameegemea kaunta karibu na hita, na maongezi yao yalikatika ghafla.

"Karibu, mama wa msanii!" Zorka alisema. "Una bahati. Tumeletewa mapazia mapya. Marefu, yanatosha gauni zima, huna haja ya kuunga."

Wale watatu wakajifunika midomo kwa glavu zao.

"Nipe mafuta na chachu."

"Subiri kidogo, mama, kuna foleni." Foleni hiyo ilikuwa ya watu waliokwisha kuhudumiwa. Zorka akampimia mmoja sukari ambayo hakuiomba, akamuuliza mwingine habari za mguu wa mama mkwe wake, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Stoyna alisimama na pochi mkononi kama mtoto aliyetumwa.

"Eti, jirani," mmoja akauliza, akijitia upole, "yule kijana mwingine, wa mwisho pale, ndiye bwana harusi?"

"Ndiye."

"Ee Mungu. Na wewe unasema hivi hivi?"

"Nisemeje? Ameingia kwenye arusi hajalewa. Taja mmoja wenu aliyepata wa namna hiyo."

Mwanamke wa sukari aliangua kicheko kabla hajajizuia, akageuza kikawa kikohozi. Zorka hakucheka. Mume wake mwenyewe siku ya arusi yao aliletwa kanisani kwa toroli, na kila mtu pale alikuwa amelisukuma toroli lile au alimjua aliyelisukuma.

"Penko anafanya mazoezi," Zorka alisema kwa baridi, akigonga chupa ya mafuta kwenye kaunta. "Nimempa gauni langu la kulalia. Anapendeza."

"Nimemwona, amepita uani kwetu. Anatembea kama amebeba nusu ya ng'ombe."

"Angalau yule ni mwanaume."

Stoyna alilipa, akatoka. Nyuma ya ukuta wa duka alilazimika kusimama na kushika mti. Aliwaza: hawa walimbeba Lyuben mgongoni. Yule wa sukari alimnyonyesha mimi nilipougua. Nyumbani ndipo alipogundua chachu imebaki kaunta. Hakuirudia. Mkate wa Surva mwaka ule uliumuka kwa maziwa mgando na hasira.

*

Lyuben alishuka kwenye basi la mchana, siku moja kabla ya Surva, na kijana mrefu mwenye kofia ya sufu aliyejulishwa kwa jina la Yavor. Yavor alikuwa amebeba sanduku la keki mikono miwili, akilitazama kila hatua, na alipofika mlangoni alivua viatu vyote viwili bila kuambiwa na kusimama na soksi kwenye theluji.

"Ingia, mwanangu, utaganda!" Stoyna alimvuta. Neno "mwanangu" lilimtoka lenyewe, naye akaliacha.

Rangel alikuwa mezani, skafu puani.

"Baba unaumwa?" Lyuben aliuliza.

"Meno."

"Onyesha basi."

"Hayaonyeshwi."

Lakini Stoyna aliweka mezani kabichi chachu iliyopikwa na nyama ya nguruwe, akamimina rakia, pombe yao kali ya matunda, na hakuna mtu aliyewahi kunywa rakia kupitia skafu. Rangel alivumilia mpaka mvuke wa kabichi ulipomfikia, akajifungua. Yavor akaitazama sahani yake kama mtu anayesali. Lyuben aliutazama mdomo wa baba yake, upande huu, upande ule, mabega yakaanza kumtikisika.

"Cheka," Rangel alisema. "Cheka tu. Ni kazi yako hii."

"Kazi yangu kivipi?"

"Nipo katikati kwa ajili yako." Akamweleza habari ya Vakril, kwa kifupi, akitafuna, bila kumwangalia. Alipofika kwenye maneno mawili ya mlangoni, kicheko cha Lyuben kilikuwa kimekwisha.

"Na utasema?"

Rangel alijimiminia, akanywa, akaifuta meza kwa kiganja mahali ambapo haikuwa na kitu.

"Tunaweza kuondoka na basi la jioni," alisema Yavor taratibu. "Mimi sijafungua begi."

"Kaa hapo," Stoyna alisema. "Kula."

Kisha Rangel alinyoosha mkono juu ya meza. "Lete hiyo simu. Kama nafukuzwa, nijue nafukuzwa kwa lipi."

Aliitazama dansi yote, simu ameiegemeza kwenye chupa, kichwa amekiinamisha. Stoyna alimtazama yeye. Mwanzoni uso wa mumewe ulikuwa wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Kisha nyusi zikakaza. Kisha akasogea karibu.

"Goti hilo ni langu," alisema.

"Ni lako," alisema Lyuben.

"Goti lilinilegea mgodini. Sichelewi kwa makusudi."

"Najua. Lakini ndilo linaloleta ule mwendo. Nimejaribu kulifanya miezi mitatu."

"Si baya." Aliirudisha video nyuma, akatazama tena, akapata alichokuwa anakitafuta, akafurahi. "Ila mkono umekosea! Bibi harusi anashika pindo hapa, kiunoni. Wewe umeupandisha mpaka kifuani. Nani anashika gauni kifuani? Umemharibu kabisa."

"Sijakosea, baba."

"Unanifundisha mimi bibi harusi?"

"Unashika kiunoni watu wakikutazama. Kila mwaka, mkishamaliza nyumba ya mwisho, unarudi peke yako kwa barabara hii, imebaki tupu. Ukipita hapa dirishani unaupandisha mkono. Hivi. Na unatembea polepole, kama usiyetaka kufika. Nilikuwa nakuona nikiwa mdogo. Pazia lilikuwa fupi."

Rangel aliyageuzia macho yale maua ya kufuma yaliyobaki dirishani, chini yake kioo kitupu.

Jiko lilipasua kuni.

"Ukumbi ulijaa?" hatimaye aliuliza.

"Ulijaa."

"Na hakuna aliyecheka. Hata mmoja."

"Walilia wengine," alisema Yavor. "Mimi nilitakiwa kuingia jukwaani, machozi yamenizuia kuona ngazi. Nikajikwaa. Kwenye video haionekani."

"Inaonekana," Rangel alisema. "Mguu wa kushoto." Aliisukuma simu kando. "Mimi wamenicheka miaka yote. Sikujua kama kuna namna nyingine."

Akainuka, akasema anakwenda kuwaona nguruwe, na akakaa huko muda mrefu kuliko nguruwe wanavyohitaji.

*

Asubuhi ya Surva kengele zilisikika tangu upande wa kanisa. Stoyna alikuwa bado anabana pini za mwisho kwenye shela. Rangel alisimama katikati ya jikoni ndani ya gauni, soksi mahali pake, mdomo umepakwa rangi nyekundu, ngozi ya juu ya mdomo nyeupe kama ya mtoto. Alikuwa amenyoa upande wa pili alfajiri, na hakumwambia mkewe ana maana gani.

"Rangel," Stoyna alinong'ona. "Utasema nini mlangoni?"

"Nifunge hapo nyuma, panapwaya."

"Rangel, mtoto yuko uani. Amesimama na begi miguuni."

"Nimemwona. Nifunge."

Alimfunga. Pini moja ikamchoma mumewe begani, naye hakusema kitu, hata "aa".

Ua ulijaa. Kikundi kilisimama kwa nusu duara, kengele zikiguna kila mtu alipovuta pumzi. Dubu alikuwapo, yaani Penko, lakini chini ya ngozi lilichungulia gauni la kulalia la Zorka, kwa tahadhari. Bwana harusi alikuwa Deyan, fundi wa matairi, kijana mwenye haya, masharubu ya mkaa yamechorwa usoni. Nyuma yao kijiji kizima, na kwenye ukuta wa zizi, mbali kidogo na watu wote, Lyuben na Yavor. Watu walikuwa wameacha nafasi kuwazunguka kama inavyoachwa kuzunguka dimbwi.

Vakril alikiinua kinyago chake cha manyoya mpaka utosini ili sauti itoke vizuri. Alikuwa amejiandaa.

"Ndugu zangu! Kabla hatujamchukua bibi harusi, mwenye nyumba ana maneno mawili ya kusema. Kikundi chetu ni safi, mila yetu ni safi. Rangel! Toka, ndugu yangu, uyaseme!"

Mlango ulifunguliwa. Bibi harusi alivuka kizingiti, akasimama kwenye ngazi, shela usoni, viatu vya mgodini chini ya pindo.

Vakril akangoja. Watu wakangoja.

"Sema, Rangel."

Bibi harusi aliinamisha kichwa kidogo, kwa haya, kama inavyotakiwa.

"Rangel, tulikubaliana. Sema!"

Kwenye mstari wa nyuma mzee mmoja akakohoa. "Ameshavuka kizingiti," alisema. "Bibi harusi hasemi."

"Najua hasemi! Lakini leo kabla ya..."

"Akisema ni dumu la divai," alisema Deyan polepole, akishangaa mwenyewe kwamba amefungua kinywa. "Si wewe uliyeweka?"

Kicheko kikapita uani, kidogo, cha pembeni. Uso wa Vakril ukaiva. Alitazama kizingiti, akamtazama bibi harusi, na ilionekana wazi kwamba anajaribu kukumbuka kama kuna namna ya kumrudisha mtu ndani ya nyumba yake. Haikuwapo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeziba namna zote.

"Haya," alisema kwa meno. "Tuendelee. Utasema jioni." Akajivuta, akapaza sauti ya desturi: "Bibi harusi huyu ni wa nani? Nani anamtoa?" na, kwa mazoea ya miaka, akaupeleka mkono kwenye trei ya rakia.

Bibi harusi aliinua mkono. Ulipita juu ya kinyago cha Vakril, juu ya dubu, juu ya kijiji kizima, ukaelekea ukuta wa zizi, na kidole kikatulia.

Stoyna aliliona begi likianguka. Lyuben aligeuka kutazama nyuma yake, kama kuna mtu mwingine pale. Hakukuwa na mtu, ni ukuta tu.

"Nenda," Yavor alimsukuma. "Ni wewe, nenda!"

Lyuben alipita katikati ya ua. Watu walimpisha, wengine kwa hofu ya kumgusa, wengine kwa kuwa desturi inataka mwenye bibi harusi apishwe, na kwa sura haikuwezekana kujua nani ni nani. Alipofika kwenye ngazi, alichukua glasi ya kwanza kwenye trei, chini ya vidole vya Vakril vilivyokuwa bado vimenyooka, akainywa. Akakohoa. Hakuwahi kuiweza rakia ya baba yake.

"Namtoa mimi," alisema. Sauti ilipasuka, akarudia. "Mimi ni mtu wake. Namtoa."

Bibi harusi akashuka ngazi na kumnyooshea Vakril mkono abusu.

Vakril alikuwa na nguruwe jike mwenye mimba. Alikuwa na mkwe anayetafuta kazi. Aliutazama ule mkono mkubwa wenye kucha zilizopasuka, akainama, akaubusu haraka kama anayebusu jiko la moto.

"Mwakani ni Penko," alinong'ona.

Mkono ulikuwa umeshahamia kwa mwingine.

Huenda alisema kweli. Jioni kingekuwapo kikao, na Vakril alikuwa hodari wa vikao. Mwanamke wa sukari aliubusu mkono, kisha akasimama mbele ya Lyuben asijue afanye nini, akamkung'uta theluji begani, mara moja, akaondoka. Wengine walimpita kama mlingoti. Zorka aliubusu mkono wa bibi harusi na kupangusa midomo.

Deyan akatoa kiwiko, bibi harusi akakishika, ngoma ikapigwa, na msafara ukatoka kwenye geti. Stoyna aliwafuata mpaka barabarani, Lyuben upande mmoja na Yavor upande mwingine. Watoto walikimbia mbele wakiwa wameshaanza kucheka, maana mahali hapo, kwenye kilima kidogo, ndipo kila mwaka Rangel alipotikisa makalio kwa ajili yao.

Hakutikisa. Aliliachia goti lichelewe. Aliliinua pindo, kwanza kiunoni, mahali pa kila siku. Kisha mkono ukapanda, polepole, mbele ya watu wote, mpaka kifuani, ukakaa hapo.

Watoto walinyamaza mmoja mmoja.

"Ana nini leo?" Zorka aliuliza nyuma, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Mbona hachekeshi?"

Lyuben alimshika mama yake mkono, akaubana kwa nguvu. Stoyna hakugeuka kumjibu Zorka. Alikuwa anatazama vipande viwili vya pazia lake vikipanda kilima, bila haraka, kama visivyotaka kufika.